Mkono Mweusi kwenye Sare ya Bluu

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Bi Pindo alisinzia akiwa ameketi kwenye cherehani yake. Ukimwambia kwamba amelala, atakukania mchana kweupe. "Nani alale? Nilikuwa napumzisha macho tu."

Basi, akipumzisha macho hivyo, miguu yake ilibaki juu ya kanyagio na mkono wake juu ya gurudumu. Na ndoto ilikuja. Ilikuwa ndoto moja, siku zote ile ile. Alijiona akitembea katika mtaa mrefu usio na watu. Juu ya mtaa zilipita kamba, na kwenye kamba zilianikwa nguo. Nguo zote zilikuwa za bluu. Zilipepea polepole, bila sauti. Mwisho wa mtaa palikuwa na gauni moja, bluu kuliko zote. Kila alipolifikia na kunyoosha mkono, alizinduka.

Gauni hilo halikuwa la ndotoni tu. Lilikuwepo kweli, ndani ya sanduku lililo chini ya kitanda chake. Alilishona akiwa na miaka kumi na tisa. Lilikuwa gauni la kwanza kujishonea mwenyewe. Siku alipolivaa, kijana mmoja alikuwa akipaka rangi mlango wa jirani. Kijana alisimama, brashi mkononi, rangi ikimdondokea kiatuni. "Dada," alisema, "umevaa anga zima." Huyo ndiye aliyekuja kuwa mumewe. Sasa ni marehemu, Mungu amlaze pema.

Lakini miaka miwili iliyopita Bi Pindo alilitoa gauni lile sandukuni, akakuta si la bluu. Lilikuwa la kijivu, kama maji yaliyofuliwia nguo. Aliligeuza huku na huku. "Labda limechujuka," aliwaza. Kisha akawaza jambo lingine, na hilo lilimtisha zaidi. "Au halijawahi kuwa la bluu. Labda mimi ndiye ninayechanganya mambo."

Alilikunja, akalirudisha. Hakumwambia mtu.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Jina la Bi Pindo alipewa na wateja. Hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake kabla hajaigeuza na kusema, "Pindo ndiyo adabu ya nguo." Alishonea kwenye chumba cha mbele. Chumba kilikuwa na dirisha moja, meza ya kukatia na rafu ya mbao. Cherehani ilikaa kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Alipoketi, mwanga ulimpiga mgongoni, na kivuli chake kiliangukia kazi. Ilikaa pale tangu zamani, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Aliishi na mwanawe wa pekee, ambaye ni fundi bomba, pamoja na mkwe wake, mke wa huyo mwanawe. Mkwe alioka mikate katika duka la mtaa wa pili. Aliondoka alfajiri na kurudi mchana akinukia unga. Yeye na mama mkwe walipendana, tena walitaniana kupita kiasi.

Siku hizi, hata hivyo, nyumbani palikuwa na mambo. Bi Pindo alitafuta miwani huku ameiweka kichwani. Alimimina chai kando ya kikombe. Alijikwaa kwenye ngazi ya mwisho ya kushukia uani, ngazi aliyoishuka miaka arobaini. Mara kwa mara alimwita mkwe wake kwa jina la dada yake, ambaye naye ni marehemu.

"Mama, umesahau tena?" mkwe aliuliza siku moja.

"Sijasahau. Nilikuwa nakumbuka jambo lingine."

Walicheka wote wawili. Mwanawe hakucheka.

Sasa sikiliza siri aliyoificha mama huyu. Bluu iliyokoza na nyeusi zilikuwa zimekuwa kitu kimoja machoni pake. Bluu ilianza kufifia kidogo kidogo, hadi ikazama kabisa ndani ya nyeusi. Fundi wa nguo atamwambia nani jambo kama hilo? Ataambiwa hafai. Basi alijitafutia ujanja. Vitambaa vya bluu aliviweka upande wa kulia wa rafu. Vyeusi aliviweka kushoto. Nyuzi nazo vivyo hivyo, kopo la bluu kulia, kopo la nyeusi kushoto. Akitaka bluu, hakuangalia. Mkono ulikwenda kulia wenyewe. Kwa miaka miwili hakukosea hata mara moja.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye hakuumbuliwa na kifo. Aliumbuliwa na usafi.

Siku moja mkwe hakuwa na zamu kazini. Alimkuta mama mkwe "amepumzisha macho" kwenye cherehani, akaona heri amsaidie kimyakimya. Aliteremsha kila kitu kwenye rafu. Alipangusa vumbi. Alikung'uta vitambaa, akavizungusha vizuri, akavirudisha. Vyeusi alivirudisha kulia. Vya bluu alivirudisha kushoto, na makopo ya nyuzi nayo vivyo hivyo. Yeye aliona rangi zote wazi, kwa hiyo hakudhani kuna tofauti.

Bi Pindo alizinduka, akaona rafu inang'aa. "Lo, mwanangu! Mungu akuzidishie."

Wiki ile alikuwa na kazi mbili. Suruali nyeusi za wahudumu wa hoteli alikuwa amekwisha kuzimaliza. Pia alishona sare kumi na mbili za bluu iliyokoza kwa wauguzi wa zahanati ya macho. Sare zilikuwa karibu kwisha. Ilibaki mikono mitatu ya kushoto. Mchana ule mawingu yalifunika jua, na chumba kilikuwa na ukungu kama kwenye ndoto. Bi Pindo alinyoosha mkono kulia. Alichukua kitambaa, akakata, akashona. Alichukua uzi kwenye kopo la kulia. Aligeuza pindo, akaliona limenyooka. Alipiga pasi, akakunja, akafunga kifurushi. Kesho yake mwanawe alikipeleka zahanati akiwa njiani kwenda kazini.

Baada ya siku tatu, tarishi wa zahanati alirudisha sare mbili. Mwanawe alizikunjua uani, juani.

"Mama, njoo. Mkono huu ni wa rangi gani?"

"Bluu," alijibu Bi Pindo bila kusita.

Mkwe aliziba mdomo. Mwanawe aliinua mkono wa pili wa sare hiyo hiyo. "Na huu?"

"Bluu pia. Una nini leo, wewe? Unanipa mtihani?"

Mwanawe aliketi kwenye ngazi. "Mama, mkono mmoja ni mweusi. Mweusi kama sufuria ya masizi."

Bi Pindo aliushika mkono wa sare, akauleta karibu na uso, akausogeza mbali. Haukubadilika.

"Baba alianza hivi hivi," alisema mwanawe. "Miwani, majina, vitu vidogo vidogo. Mwishoni alipotea njia ya kurudi nyumbani. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Mimi ndiye niliyemtafuta."

"Basi mimi sitaki kukutafuta wewe. Kuna sindano pale, kuna mkasi, kuna pasi ya moto. Umefanya kazi ya kutosha. Jumamosi nitaipeleka cherehani stoo kwa rafiki yangu. Upumzike."

"Nipumzike na nini?" aliuliza Bi Pindo. Aliumia, tena sana. Ile cherehani ndiyo iliyomsomesha huyo anayetaka kuiondoa. Lakini angesema nini? Mkono mweusi ulikuwepo, umelala pajani kwake. Na kama hajui bluu na nyeusi, labda kweli akili imeanza kuondoka.

Usiku na mchana alijiuliza hivyo. Hata ile ndoto ilibadilika. Aliuona mtaa, akaziona kamba, lakini kamba zilikuwa tupu.

Jumamosi asubuhi mwanawe alikuja na kamba mpya ya manila, ndefu na nene. Aliinama kuifunga miguu ya cherehani. Bi Pindo aliketi kitandani katika chumba cha pili, maana hakutaka kuona. Mkwe alisimama mlangoni, hajui aende wapi.

"Hodi hapa!"

"Karibu," alijibu mkwe.

Aliingia mwanamke mfupi, mnene, mwenye haraka ya kucheka. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya macho. Alikuwa amevaa sare mpya ya bluu, na mkono wa kushoto ulikuwa mweusi.

"Ninamtafuta aliyeshona nguo hii," alisema. "Kazini siku hizi wananiita Nusu Usiku."

Mwanawe aliinuka. "Tusamehe sana, dada. Tutakurudishia gharama yako. Mama yangu ni mtu mzima, na siku hizi..."

"Sijaja kudai. Nimekuja kuuliza. Mama yuko wapi?"

Bi Pindo alitoka taratibu, uso ameuinamisha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe kwa aibu niliyokuvisha."

"Aibu gani? Njoo uangalie pindo hili." Muuguzi aligeuza ncha ya mkono mweusi. "Nimeliangalia siku mbili. Mshono umenyooka kama mstari wa rula. Bega limekaa sawa. Nikajiambia, mtu aliyechanganyikiwa hashoni hivi. Mikono inaijua kazi, na kichwa kinaijua kazi. Sasa kosa limeingilia wapi?"

Aliangalia chumba. Aliona cherehani iko gizani. Aliiona kamba pia. Aliokota vipande viwili vya kitambaa sakafuni, akaviweka juu ya meza.

"Mama, kipi cha bluu?"

Bi Pindo alinyoosha vidole apapase.

"Usiguse. Tumia macho tu."

Nje mtu alipita akivuta toroli. Bi Pindo aliangalia kipande cha kwanza, akaangalia cha pili, akaangalia tena cha kwanza. Mwishowe machozi yalimtoka.

"Sioni," alisema. "Sioni tofauti, tangu mwaka juzi. Ninajua kwa mahali tu. Bluu iko kulia, nyeusi iko kushoto."

Mkwe alipiga kelele. "Jamani, Mama! Ni mimi! Mimi ndiye niliyepanga rafu! Nilivigeuza!"

Wote waliigeukia rafu. Mwanawe alitazama vitambaa, akamtazama mama yake, kisha akaitazama kamba iliyokuwa mkononi mwake. Aliketi juu ya kigoda.

"Miaka miwili!" alisema muuguzi. "Umeshona miaka miwili kwa kukumbuka mahali peke yake, bila kukosea! Halafu mnasema mama huyu hana kumbukumbu? Haya, niwekeeni chai, tuzungumze."

Chai ilikuja. Muuguzi aliizungusha kidogo kwenye glasi, akaiinua mbele ya dirisha.

"Ndani ya jicho kuna lenzi, kama kioo kidogo. Kijana ana kioo kisicho na rangi, kama maji safi. Miaka ikipita, kioo hicho kinaanza kuwa na rangi ya manjano, kisha ya kahawia. Kinakuwa kama chai hii. Mama, angalia kitambaa chako cha bluu kupitia chai. Utaiona bluu?"

"Sitaiona. Hata mtoto hataiona."

"Ndivyo ilivyo. Bluu ndiyo inayozuiwa zaidi. Tena ile mboni, lile tundu jeusi linaloingiza mwanga, haifunguki tena kama zamani. Mtu mzima anahitaji mwanga mwingi zaidi kuliko kijana. Na vitu vinavyofanana rangi vinamwia vigumu kuvitenganisha. Chai ndani ya kikombe cha kahawia. Ngazi ya kijivu juu ya sakafu ya kijivu."

"Ile ngazi ya uani!" alisema mkwe.

"Umeona? Na ninyi mmeiweka cherehani ya mama gizani, akajikinga mwanga kwa mgongo wake mwenyewe. Hata mimi ningekosea."

Mwanawe alikuna kichwa. "Sawa, dada. Hayo ni macho. Lakini anasahau majina. Anamwita mke wangu kwa jina la mama yangu mdogo aliyekufa. Baba yangu alianza hivyo hivyo."

Muuguzi aliweka glasi chini. Hakucheka tena. "Pole kwa Baba. Siwezi kukuambia kwamba haiwezekani. Ndiyo maana atapimwa macho, na kumbukumbu pia. Lakini sikia. Kitu ambacho jicho halikukiona vizuri, kichwa kitakikumbukaje? Wazee wengi wanaambiwa wamesahau, kumbe hawakuona, au hawakusikia. Na kukawia kukumbuka jina ni jambo la kawaida kwa umri wake. Mama, jina likikupotea, linapotea vipi?"

Bi Pindo alifikiri. "Sura ninaiona. Ninajua anakaa wapi, na nguo niliyomshonea, na kipimo cha kiuno chake. Jina tu ndilo linasimama mlangoni, halitaki kuingia."

"Umesema vizuri kuliko vitabu vyangu. Ubongo una pande mbili, wa kushoto na wa kulia. Katikati pana kiungo kinachozipelekea habari. Kwa watu wengi, upande wa kushoto unafanya zaidi kazi ya maneno. Wa kulia unashughulika zaidi na sura, maumbo na mahali. Zote mbili zinashirikiana wakati wote, lakini kila mmoja una kazi unayoipenda zaidi."

"Kwa hiyo mimi nimebaki na upande mmoja?" aliuliza Bi Pindo kwa hofu.

"Hapana, Mama! Unazo zote mbili, na huenda unazitumia pamoja kuliko huyu mwanao." Muuguzi alimgeukia mwanawe. "Fundi, ndoo ya maji unaibebaje?"

"Kwa mkono mmoja."

"Na mama?"

"Kwa mikono miwili. Na anakwenda polepole."

"Maji yanafika?"

"Yanafika. Tena hayamwagiki."

"Basi. Waliopima ubongo wa watu wakiwa wanakumbuka maneno au sura wameona jambo kama hilo. Kijana mara nyingi anaegemea upande mmoja zaidi. Mtu mzima, kwa kazi ile ile, mara nyingi anaziita pande zote mbili. Wataalamu bado wanabishana kwa nini. Wengi wanadhani ni njia ya ubongo kujisaidia. Kazi inachukua muda zaidi, lakini inafika. Kwa hiyo msimkimbize. Mkimwuliza jambo, mpeni nafasi ya kujibu. Mkishamjibia ninyi, mnampokonya ndoo katikati ya njia."

Mkwe aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyezoea kujibu kwa haraka.

"Nitajuaje sasa kwamba ni kawaida, au kwamba ni ugonjwa?" aliuliza mwanawe.

"Kuuliza si ujinga, umefanya vizuri. Akisahau ameweka wapi mkasi, utafuteni pamoja naye. Akishika mkasi asijue ni wa kazi gani, mpelekeni kwa daktari. Vivyo hivyo akipotea njia anayoijua, au akiuliza jambo moja mara kumi kwa siku. Na kama ghafla mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki sawa au jicho halioni, msingoje hata dakika. Kimbieni hospitali saa hiyo hiyo. Hiyo si dalili ya uzee. Ni kiharusi."

"Na zile dawa za macho zinazouzwa sokoni?" aliuliza mkwe.

"Msimtie kitu chochote machoni ambacho hakikutoka kwa mtaalamu. Si asali, si maji ya majani, si dawa ya jirani. Jumatatu mleteni."

Muuguzi aliinuka. Alifika mlangoni, akasimama kando ya cherehani iliyofungwa nusu. "Na hii inakwenda wapi?"

Mwanawe aliona haya. Aliinama, akafungua fundo. Aliizungusha kamba, akaitundika kwenye msumari. "Inakwenda dirishani," alisema. "Mke wangu, shika upande huo."

Basi cherehani ilisafiri, lakini safari ya hatua nne tu. Waliiweka ili mwanga uingie kutoka kando, usimpige machoni wala usitupe kivuli chake kwenye kazi. Bi Pindo aliketi. Aliangalia sindano. "He! Kumbe ina tundu!" alisema, na hata mwanawe alicheka.

Jumatatu daktari alimkuta na mtoto wa jicho, jicho la kulia na la kushoto. Lenzi zilikuwa zimeingiwa na ukungu na kugeuka kahawia. Alipimwa na kumbukumbu pia. Aliambiwa maneno matano ayashike, akachorewa maumbo ayaige, akaombwa achore saa. Maneno mawili aliyakumbuka kwa kuchelewa. Saa aliichora vizuri, hata akaiwekea pindo pembeni.

"Kumbukumbu inakwenda na umri wake," alisema daktari. "Tutaipima tena baada ya miezi sita. Macho yanahitaji upasuaji. Tunatoa ile lenzi yenye ukungu, tunaweka nyingine safi. Tutaanza na jicho la kulia."

"Kisu machoni?" Bi Pindo alishika mkono wa mwanawe.

"Utatiwa dawa ya ganzi, Mama. Hutasikia maumivu. Kwa kawaida haichukui hata saa moja, na utarudi nyumbani siku hiyo hiyo."

Zilibaki wiki tatu kabla ya upasuaji. Katika wiki hizo nyumba ilibadilika. Mwanawe alipaka mstari mweupe kwenye ukingo wa kila ngazi. Mkwe alinunua vikombe vyeupe, ili chai ionekane. Hakuhamisha tena kitu bila kusema. Na Bi Pindo mwenyewe, sasa kwa kuwa siri haikuwa siri, alishona alama kwenye pembe za vitambaa. Fundo moja lilikuwa la bluu, mafundo mawili yalikuwa ya nyeusi. Muuguzi naye alileta sare yake, na Bi Pindo akaifumua ile mikono mitatu myeusi, akashona mipya dirishani, mchana, taratibu. Kila mara alipapasa fundo kwanza. Mkwe alizikagua sare juani. Zote zilikuwa bluu tupu, kulia na kushoto. Muuguzi alipokuja kuchukua, alisema atalikosa jina la Nusu Usiku.

Jambo moja tu hakumwambia mtu hata sasa. Alilala kila usiku juu ya sanduku lenye gauni la kijivu. Kama macho yatapona na gauni libaki la kijivu, basi itakuwa kumbukumbu yake ndiyo iliyomdanganya. Na kama imemdanganya juu ya gauni, imemdanganya juu ya mangapi? Juu ya brashi? Juu ya yule kijana aliyedondokewa na rangi kiatuni? Aliliogopa gauni kuliko kisu.

Siku ya upasuaji ilipita kama alivyoambiwa. Aliona mwanga mkubwa unaoyeyuka, akasikia sauti za watu kama zinatoka ndani ya maji, na kabla hajamaliza kusali walimwambia, "Tayari, Mama." Kesho yake asubuhi walirudi zahanati, na muuguzi alifungua bandeji.

Bi Pindo alifumbua jicho polepole. Aliangalia mkono wa muuguzi uliokuwa mbele ya uso wake. Aliufuata kutoka kiganjani hadi begani.

"Mama? Unaona nini?"

"Sare yako," alisema kwa kunong'ona. "Ni ya bluu. Maskini mimi, kumbe ni bluu hivi!"

Njiani kurudi alisimama kila baada ya hatua tatu. Mlango ule ni wa bluu. Beseni lile ni la bluu. Anga, jamani, anga! Alifunika jicho lililopona, na mtaa ukawa rangi ya chai. Alifunika lile jingine, na mtaa ukarudi safi. Mwanawe alimshika kiwiko na kumngoja, kila mara.

Walipofika nyumbani, Bi Pindo alikwenda moja kwa moja chumbani. Walimsikia akivuta sanduku. Mwanawe na mkwe waliangaliana, wakaingia.

Alikuwa ameketi sakafuni, gauni limemfunika magoti. Lilikuwa la bluu. Bluu kama siku aliyolishona, halikuchujuka hata uzi mmoja.

"Sikusahau," alisema. Alilia kwa sauti, bila kuficha. "Nilikuwa sioni tu. Baba yako alisema nimevaa anga zima. Alisema kweli. Sikusahau!"

Mwanawe alipiga magoti, akamkumbatia. "Nisamehe, Mama. Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa, mwanangu. Haya, inuka. Nguo hii inanuka sanduku. Ianikwe."

Uani hapakuwa na kamba. Mwanawe aliiteremsha ile ya manila kwenye msumari, akaifunga kutoka nguzo ya jiko hadi nguzo ya bomba. Bi Pindo alishuka ngazi zenye mistari myeupe, hakujikwaa hata mara moja. Alilitundika gauni. Upepo uliingia ndani yake, likapepea polepole bila sauti, kama alivyolijua. Alinyoosha mkono, akaligusa, na hakuzinduka.

Kisha aligeuka amwite mkwe wake alete vibanio vya nguo. Alimwita kwa jina la dada yake.

Mwanawe alifungua mdomo amsahihishe. Mkewe alimkanyaga mguu.

"Ngoja," alimnong'oneza. "Mpe nafasi."

Walingoja. Bi Pindo alisimama chini ya gauni, amekunja uso, anatafuta. Kuku wa jirani alipita, akapiga kona, akarudi. Halafu uso ulikunjuka, na jina la mkwe wake lilitoka, lote, sawasawa.

"Nipo, Mama," alijibu mkwe, akaleta vibanio.